Dola zilitangulia, vifaru vikafuata

Kila baada ya muda utamsikia kiongozi au mtaalamu fulani redioni anasema Afrika inahitaji Marshall Plan yake, na mwaka 2017 serikali ya Ujerumani ikaja kabisa na mpango ikauita Marshall Plan na Afrika. Mimi hiyo kauli inanikera. Msaada siupingi, kinachonikera ni kwamba wengi wanaoitaja wanakumbuka hela tu, zile dola kama bilioni 13 ambazo Marekani iliipa Ulaya Magharibi kati ya 1948 na 1952, basi, wanadhani ukimwaga hela nyingi kwa wakati mmoja nchi inasimama yenyewe. Masharti hawayataji. Na masharti ndo habari yenyewe, nani alishika funguo za hiyo hela, nani aligawa, nani aliweza kusema sitaki na akisema sitaki alifanywa nini, maana kwa maoni yangu hayo ndo yaliyoigawa dunia pande mbili hata kabla NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, haijazaliwa, majeshi yalikuja baadaye kulinda mstari ambao wahasibu walishauchora.

Turudi 1947. Vita imeisha miaka miwili nyuma lakini Ulaya iko hoi. Baridi ya mwanzo wa mwaka ule ilikuwa kali mno, Uingereza makaa ya mawe yakakwama, viwanda vikafungwa, umeme ukawa wa mgao, na mkate ulikuwa unatolewa kwa kadi, kitu ambacho hata wakati wa vita yenyewe hakikutokea kule. Na hawa ndo washindi. Februari London ikawaambia Wamarekani kwamba sisi Ugiriki na Uturuki hatuwezi tena kuzibeba, hela imeisha. Ugiriki ilikuwa kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe, serikali upande mmoja wakomunisti upande wa pili, na Waingereza ndo walikuwa wanaishikilia ile serikali isianguke. Tarehe 12 Machi Rais Truman wa Marekani akasimama mbele ya Bunge lake akaomba dola milioni 400 kwa ajili ya hizo nchi mbili, na ndani ya hotuba hiyo hiyo akatangaza kwamba Marekani itayasaidia mataifa huru yanayokataa kutawaliwa kwa mabavu, iwe na vikundi vyenye silaha au presha ya kutoka nje. Ombi la bajeti na tangazo la kuigawa dunia vilitoka mdomoni kwa mtu mmoja, siku moja, kwenye hotuba moja. Hapo ndo pa kuanzia ukitaka kuielewa Vita Baridi.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 5 Juni, waziri wake wa mambo ya nje George Marshall, jenerali aliyekuwa mkuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani wakati wa vita, akaenda chuo kikuu cha Harvard akatoa hotuba fupi. Haikuwa na kiasi cha hela hata kimoja. Alichosema ni kwamba sera yao haimlengi mtu wala itikadi yoyote, inalenga njaa, umaskini, kukata tamaa na vurugu, na kwamba mpango wenyewe Wazungu wakae waupange wao halafu waje. Mlango ukaachwa wazi hata kwa Wasovieti. Je walitaka kweli Wasovieti waingie? Mi naona hapana, walijua Bunge lao lisingepitisha hata senti kama Stalin, mtawala wa Soviet, ni mmoja wa wapokeaji, ila walitaka ukataaji uonekane unatoka Moscow. Wakaupata.

Mwishoni mwa Juni Molotov, waziri wa mambo ya nje wa Soviet, akatua Paris na msafara mkubwa wa wataalamu, watu wanaokaribia mia, kwa hiyo usidhani alikuja kugoma, mtu anayekuja kugoma habebi wachumi wote hao. Alichotaka ni kila nchi iandike mahitaji yake, ipeleke Washington, ipewe, iende zake. Mawaziri wenzake, Bevin wa Uingereza na Bidault wa Ufaransa, wakasema hapana, lazima uwe mpango mmoja wa Ulaya nzima, watu wafungue vitabu vyao vya uchumi, na Ujerumani imo. Hapo Moscow ikashtuka. Na tuwe wakweli, ilikuwa na sababu, nchi imepoteza watu kama milioni 27, inadai fidia kutoka Ujerumani, imeomba dola bilioni 10, halafu leo unaiambia huyo huyo Mjerumani ndo anainuliwa kwanza na wewe ufungue vitabu Mmarekani asome. Tarehe 2 Julai Molotov akaondoka.

Kilichofuata Prague, mji mkuu wa Czechoslovakia, ndo nataka tukitazame kwa karibu, maana ukikielewa hiki mengine yote yanajipanga. Czechoslovakia wakati ule ilikuwa bado ina serikali ya mseto. Waziri mkuu Klement Gottwald alikuwa mkomunisti, ila waziri wa mambo ya nje Jan Masaryk hakuwa, na baba yake ndo aliyekuwa rais wa kwanza wa nchi hiyo. Ilikuwa nchi ya viwanda, inauza na kununua Magharibi, inahitaji dola kama wengine. Mwaliko wa mkutano mwingine wa Paris, wa tarehe 12 Julai, ulipokuja, baraza la mawaziri likakubali kwa kauli moja, wakomunisti wakiwemo. Unashangaa kwa nini wakomunisti walikubali? Kwa sababu Moscow yenyewe siku za mwanzo ilikuwa imewaambia nendeni, halafu ikageuza kauli kila mtu akiwa ameshajipanga. Gottwald na Masaryk na mwenzao mmoja wakaitwa Kremlin. Tarehe 9 Julai usiku Stalin akawaambia wazi, kwenda Paris ni kushiriki mpango wa kuitenga Soviet, urafiki wetu uko kwenye mizani, futeni. Ngano akaahidi kuwapa, mwaka ule ukame ulikuwa umewapiga. Kesho yake tarehe 10 mawaziri waliobaki Prague wakaitwa haraka wakafuta kile walichokubali kwa kauli moja siku chache tu nyuma. Masaryk aliporudi aliwaambia rafiki zake maneno ambayo mpaka leo yananukuliwa, kwamba alikwenda Moscow kama waziri wa mambo ya nje wa nchi huru akarudi akiwa kibaraka wa Stalin.

Sasa angalia hapo hakuna kifaru hata kimoja. Jeshi la Soviet lilishaondoka Czechoslovakia tangu mwisho wa 1945. Hakuna NATO, hakuna Mkataba wa Warsaw, yaani muungano wa kijeshi wa upande wa Soviet, hakuna ukuta Berlin. Kuna mwaliko wa mkutano wa uchumi na jibu lake. Ila ukichora mstari kati ya waliokwenda Paris tarehe 12 Julai, nchi 16, na waliokatazwa kwenda, unapata karibu ramani yote ya Vita Baridi ya Ulaya, ukiacha vipande vichache kama Finland ambayo haikwenda kwa kumwogopa jirani lakini haikumezwa. Septemba Stalin akaunda Cominform, umoja wa vyama vya kikomunisti vya Ulaya, kwenye mkutano uliofanyika Poland, mtu wake Zhdanov akatangaza dunia ina kambi mbili. Februari 1948 wakomunisti wakachukua madaraka yote Prague. Machi 10 Masaryk akakutwa amekufa chini ya dirisha la wizara yake. Na kile kifo na yale mapinduzi ndo vilivyowasukuma wabunge wa Washington waliokuwa wanasitasita, Aprili 3 Truman akasaini sheria, mwezi huo huo meli ya kwanza ikang'oa nanga Texas na ngano kwenda Bordeaux.

Sasa nije kwenye hela zenyewe zilivyokuwa zinatembea, sehemu ambayo hawa wanaotaja Marshall Plan redioni huwa wanairuka. Watu wengi wanadhani Marekani ilikuwa inatuma mabunda ya dola. Dola nyingi hazikuvuka bahari kabisa. Chukua mkulima wa Ufaransa anataka trekta la Kimarekani. Kiwanda cha Marekani kinalipwa dola zake na serikali ya Marekani huko huko. Trekta linapanda meli linafika. Mkulima halipewi bure, analinunua, analipa faranga zake za Kifaransa, na hizo faranga zinaingia kwenye akaunti maalum ya serikali ya Ufaransa. Kwa hiyo trekta moja linafanya kazi mara mbili, mara ya kwanza shambani, mara ya pili kama mtaji ndani ya akaunti, na mtaji huo serikali ikikubaliana na Wamarekani inaupeleka kwenye ujenzi. Ufaransa wakaupeleka kwenye mpango wa Jean Monnet wa kuijenga upya nchi, mabwawa ya umeme, reli, makaa ya mawe. Uingereza wao wakautumia zaidi kupunguza deni la serikali. Ujerumani Magharibi wakaukabidhi benki iliyoanzishwa 1948 inaitwa KfW, wakawa wanakopesha viwanda, vikirudisha wanakopesha vingine, na huo mfuko uko mpaka leo unakopesha wafanyabiashara wadogo wa Ujerumani. Hela ya 1948 haijaisha!

Na kugawana nani apate kiasi gani, Washington iliwaachia Wazungu wakae wagombane wao kwa wao. Wakaunda shirika lao Paris, na ugomvi ulipozidi wakateua kamati ya watu 4 wajifungie waje na hesabu. Uingereza ikapata zaidi ya wote, kama bilioni 3.2, Ufaransa ikafuata. Na sehemu kubwa sana ya hela yote ilikuwa ruzuku, hairudishwi. Linganisha na kilichotokea miaka mitatu nyuma yake tu, 1945, Marekani ilipokata msaada wa vita ghafla na Uingereza ikalazimika kukopa dola bilioni 3.75 kwa riba ya asilimia 2 na sharti kwamba pauni iweze kubadilishwa kuwa dola. Sharti likaanza kutumika Julai 1947, watu wakaikimbia pauni, wiki tano tu serikali ikasitisha. Deni lenyewe Waingereza wamekuja kulimaliza Desemba 2006, yaani wajukuu ndo wamelipa. Mtoaji ni yule yule, mpokeaji yule yule, masharti tofauti, matokeo mbingu na ardhi.

Lakini tusiwapake Wamarekani asali. Nusu ya mizigo ya msaada ilitakiwa isafirishwe na meli za Marekani. Asilimia 5 ya zile hela za akaunti maalum zilikuwa za Marekani wenyewe kwa matumizi yao, na sehemu ikaishia mikononi mwa CIA, shirika lao la ujasusi, kwa kazi za siri, vyama vya wafanyakazi, magazeti, mambo hayo. Italia uchaguzi wa Aprili 1948 waliambiwa waziwazi kwamba mkichagua wakomunisti msaada hamuuoni, na CIA ikamwaga hela kwa waziri mkuu De Gasperi na wenzake waliopingana na wakomunisti, wakashinda. Hiyo ilikuwa presha, huwezi kuiita kitu kingine. Ila tofauti ninayoishikilia mimi ni kwamba Mtaliano alipiga kura, na chama cha kikomunisti cha Italia kiliendelea kuwepo, kikiwa na wabunge, kwa miaka zaidi ya 40 baada ya hapo. Prague chama kisicho cha kikomunisti kilichobaki kilikuwa pambo.

Kuna upande mwingine ambao Waafrika tunatakiwa kuusema kwa sauti. Uholanzi ilikuwa inapokea msaada wa Marshall huku jeshi lake liko Indonesia linapigana kuirudisha koloni. Ufaransa vivyo hivyo Indochina, yaani Vietnam, Laos na Cambodia. Hela ya mtu haina rangi, ukimlipia ngano na makaa ya mawe nyumbani, hela yake iliyobaki ananunulia risasi. Wamarekani walipoona vita ya Indonesia inawaharibia jina wakatishia kuukata msaada, na Uholanzi mwaka 1949 ikauachia uhuru wa Indonesia. Kwa Wafaransa hawakutishia, walisaidia, mpaka 1954 sehemu kubwa ya gharama za vita ya Indochina ilikuwa inatoka Washington, maana pale adui alikuwa mkomunisti. Sharti lilikuwepo siku zote, ila lilitumika pale lilipowafaa.

Na sisi huku tulikuwa ndani ya hesabu hiyo hiyo bila kuulizwa. Uingereza ilikuwa haina dola, makoloni yalikuwa yanazo, kakao ya Gold Coast (Ghana ya leo), mpira wa Malaya, mkonge wa Tanganyika, vyote vinauzwa kwa dola, dola zinakwenda kwenye kapu la London, koloni linaandikiwa pauni kwenye kitabu ambazo haliwezi kuzitumia ovyo. Kipindi hicho hicho, 1947, ndo wakaja na mradi wa karanga Kongwa, baadaye Nachingwea na Urambo, kwa sababu Mwingereza hana mafuta ya kula na hana dola ya kuyanunua nje. Wakaleta vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta kung'oa vichaka, udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ukawa mgumu kama saruji, mvua hazitabiriki, Januari 1951 wakaufuta mradi na hasara ya zaidi ya pauni milioni 35. Mjerumani aliyeshindwa vita akapewa mtaji unaozunguka mpaka leo, mkulima wa Kongwa ambaye hakumkosea mtu akapewa mradi uliopangwa London kwa ajili ya majiko ya London. Naandika hili kwa uchungu, maana wote wawili walikuwa kwenye daftari moja la uchumi wa baada ya vita.

Upande wa Mashariki mambo yalikwenda kinyume kabisa. Soviet ilikuwa inachukua. Ujerumani Mashariki viwanda vilifunguliwa bolti kwa bolti vikapakiwa kwenye mabehewa, hadi reli zenyewe, njia zilizokuwa na reli mbili ikang'olewa moja. Romania zikaundwa kampuni za ubia zinaitwa SovRom, mafuta ya Romania, faida Moscow. Poland makaa yake ya mawe yakawa yanauzwa Soviet kwa bei ya kutupa. Wanahistoria wa uchumi wanakadiria kilichotoka Ulaya Mashariki kwenda Soviet miaka ile kinakaribiana na kile Marekani ilichoipa Ulaya Magharibi, yaani kama ile bilioni 13 lakini mshale umegeuzwa. Januari 1949 wakaanzisha Comecon, umoja wa uchumi wa nchi za Mashariki, kama jibu, ila miaka ya mwanzo ilikuwa jina kuliko kitu. Baadaye sana, miaka ya 70, Soviet ndo ikaja kuwa inawauzia hao jamaa mafuta kwa bei nafuu, inawabeba, lakini chuki ya mwanzo ilishakaa.

Vifaru sasa ndo vinaingia. Juni 1948 Magharibi wakaleta sarafu mpya kwenye kanda zao za Ujerumani, Deutsche Mark, maana bila sarafu ya kuaminika ule msaada usingefanya kazi, maduka yalikuwa matupu watu wanabadilishana kwa sigara. Siku chache Stalin akaifunga Berlin Magharibi, barabara, reli, mito, vyote. Ona sababu yake, noti za benki. Daraja la anga, yaani ndege za Magharibi kuulisha mji, likafanya kazi karibu mwaka mzima, safari za ndege zaidi ya 277,000, tani kama milioni 2.3, nyingi yake makaa ya mawe, mpaka Mei 12, 1949 Stalin akaachia. Mwezi mmoja kabla, Aprili 4, nchi 12 zilishasaini NATO Washington. Ukiwauliza Wazungu wenyewe wa wakati ule watakwambia waliitaka wao, Bevin hasa, alikuwa anamvuta Mmarekani aingie, kwa sababu mfanyabiashara wa Paris au Rotterdam hawezi kuweka hela yake kiwandani kama anaamini kesho Mrusi anafika mto Rhine. Msaada ulihitaji ulinzi, ndo maana vikazaliwa mmoja baada ya mwingine.

Vita ya Korea Juni 1950 ikageuza kila kitu. Kabla ya hapo NATO ilikuwa karatasi zaidi. Baada ya hapo Jenerali Eisenhower akapelekwa Ulaya kuwa kamanda mkuu, divisheni za Marekani zikavuka, na mwaka 1951 Bunge la Marekani likaunganisha misaada ya uchumi na ya kijeshi kwenye sheria moja, na upande wa silaha ukaula upande wa ngano. Mi naona hapa ndo mahali ambapo Marekani ilianza kusahau kilichofanya mpango wake ufanikiwe. Tito wa Yugoslavia alifaidika sana kipindi hiki, alifukuzwa Cominform Juni 1948 kwa kukataa kuburuzwa na Stalin, na kufika 1951 alikuwa anapokea chakula na silaha za Marekani huku bado ni mkomunisti, bila kuingia NATO.

Mkataba wa Warsaw ulikuja Mei 1955, siku chache baada ya Ujerumani Magharibi kuingizwa NATO. Na huu mkataba una historia ambayo inanisumbua kila nikiisoma, operesheni yake moja kubwa ya pamoja ilikuwa dhidi ya mwanachama wake. Hungary 1956, waziri mkuu Imre Nagy akatangaza Novemba 1 kwamba tunatoka, Novemba 4 vifaru vya Soviet viko Budapest, baadaye Nagy akanyongwa. Czechoslovakia tena 1968, safari hii sio Soviet peke yake, Poland, Hungary na Bulgaria nazo zikapeleka majeshi, Romania ikagoma. Weka hilo pembeni ya mwaka 1966, Rais De Gaulle wa Ufaransa alipomwandikia Rais Johnson wa Marekani kwamba Ufaransa inatoka kwenye kamandi ya kijeshi ya NATO na askari wote wa kigeni wahame nchini kwake. Wamarekani walikasirika, wakafungasha, makao makuu yakahamia Ubelgiji 1967. Hakuna aliyepiga risasi. Ufaransa ikabaki mwanachama wa muungano kisiasa, na mwaka 2009 ikarudi kwenye kamandi kwa hiari yake. Ninaposema masharti ndo yaliyoamua, namaanisha hiki hasa, muungano uliojengwa juu ya mtu kupewa na kugawa mwenyewe ulistahimili mtu kusema hapana, ule uliojengwa juu ya kuchukuliwa, Budapest na Prague, haukuweza.

Shida ni kwamba Marekani haikuupeleka utaratibu ule ule kwingine duniani. Asia na Mashariki ya Kati walipelekewa mikataba ya kijeshi, SEATO 1954, Mkataba wa Baghdad 1955, saini kwanza maendeleo baadaye. Iraq yenyewe iliyobeba jina la mkataba ikapindua mfalme wake Julai 1958 na mwaka uliofuata ikajitoa. Rais Nasser wa Misri alikataa kuingia, na hapo ndo bwawa la Aswan la mto Nile linapoingia. Marekani na Uingereza walishaahidi kuchangia, dola milioni 56 na 14, Benki ya Dunia ikopeshe 200. Nasser alikuwa ameshanunua silaha za kambi ya Mashariki kupitia Czechoslovakia hata kabla ya ofa hiyo, baadaye akaitambua China ya Mao, na tarehe 19 Julai 1956 Dulles, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akaifuta ofa. Wiki moja baadaye Nasser akiwa Alexandria akataifisha mfereji wa Suez. Vita ikafuata, Waingereza na Wafaransa wakafedheheka, na 1958 Soviet ikakubali kulipia bwawa. Kwa dola milioni 56 Marekani iliitoa Misri mikononi kwa miaka karibu 15. Hiyo ni hesabu mbaya ya kiuchumi na ya kijeshi pia.

Nimalizie na Dar, kwa sababu tulipitia hili wenyewe. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, halafu Aprili Muungano ukazaliwa, na Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ilikuwa na sera kwamba anayemtambua ndugu yetu wa Mashariki hana urafiki na sisi. Mwalimu Nyerere akatafuta njia ya katikati, Ujerumani Mashariki wawe na konseli (ubalozi mdogo) Dar, bila kutambuliwa kama nchi. Bonn hawakuridhika, mapema 1965 wakawaondoa ghafla wakufunzi wao waliokuwa wanaanzisha kikosi chetu cha anga na cha majini. Mwalimu akawajibu basi chukueni na msaada wote wa serikali yenu uliobaki. Nchi haijafikisha hata miaka minne ya uhuru, hazina yake ndogo vile, inaurudisha msaada wa tajiri. Ndo kipindi alichokuwa anasema hatutakubali marafiki zetu watuchagulie maadui. Iligharimu, miradi ilisimama, na wapo waliomwona amekosea. Mimi namwona alikuwa sahihi, maana angekubali lile dogo la konseli, lijalo lingekuwa nani apige kura vipi Umoja wa Mataifa.

Na kuwa hatuko upande wowote kulilipa. Benki ya Dunia ilikuwa imesema reli ya kwenda Zambia haina faida, Wachina wakasaini 1967 na kuijenga, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa 1976. Wamarekani hawakutaka kuachwa, wakaigharamia barabara ya lami ya Tanzam njia hiyo hiyo. Ukifika Makambako unaviona vyote viwili vinakutana, reli ya Mao na barabara ya Washington, vimejengwa miaka ile ile na watu wasiosalimiana.

Ila kuna kitu kwenye ile reli ambacho hakisemwi sana. Gharama za ndani, mishahara ya maelfu ya vijana wetu waliochimba mahandaki kule Mlimba na kwingine, hazikulipwa kwa fedha taslimu kutoka Beijing. China ilituma bidhaa, nguo na vitu vya dukani, mashirika yetu ya umma yakaziuza kwa shilingi, na shilingi hizo ndo zikalipa mishahara. Ni utaratibu ule ule wa trekta la Mfaransa, bidhaa inakuja, inauzwa kwa hela ya nyumbani, hela ya nyumbani inajenga. Tofauti iko kwenye daftari. Trekta la Mfaransa lilikuwa ruzuku na faranga zake zikabaki kwake. Zile nguo za China ziliandikwa ndani ya mkopo wa yuan milioni 988, bila riba, wa kulipwa kwa miaka 30, na shilingi zilizotokana nazo zikaishia kwenye reli, hakukuwa na benki yoyote ya kwetu ya kuzipokea zikirudi na kuzikopesha tena.